Madumu ya Stoo

Petroli ilipoadimika Tanzania mwaka 2023, kati ya Julai na Septemba, sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa dola: waagizaji hawakuwa nazo za kutosha kulipia shehena, na bei ya soko la dunia nayo ilikuwa inapanda. Kwenye kijiwe cha bajaji Kihonda, Morogoro, maelezo hayo hayakumjazia mtu tenki. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa anaendesha bajaji ya tajiri, na hesabu ya tajiri inadaiwa kila jioni, sheli ziwe na mafuta zisiwe nayo.

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Agosti ile petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na siku za kukaribia tangazo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, maana mwenye sheli anayehisi kesho atauza ghali zaidi hana haraka ya kuuza leo. Baadaye EWURA ilivifungia vituo ilivyovikuta vimeficha mafuta. Lakini ufichaji ulikuwa umeshashuka mpaka majumbani. Kila aliyepata nafasi kwenye foleni alijaza tenki, akarudi nyumbani akalinyonya kwa mpira, akajaza dumu, akarudi tena foleni. Shemeji alifanya hivyo. Simwiti mroho. Nyumba ile ilikuwa inakula kwa magurudumu matatu ya bajaji, na watoto walikuwa wanataka nauli na daftari.

Madumu aliyotumia ni yale ya manjano ya lita 20 yaliyoletwa mjini yakiwa na mafuta ya kula. Kila nyumba inayo, na kila mtu anayaamini kwa sababu hayavuji maji. Shemeji aliyapanga stoo, nyuma ya gunia la mkaa, kando ya ndoo ya unga na mfuko wa sukari, akafunga mlango kwa kufuli ili watoto wasiyafikie. Kwa hesabu yake hiyo ndiyo ilikuwa tahadhari. Dada alilalamika kuhusu harufu, akajibiwa kwamba mafuta yakirudi sheli yatatoka.

Stoo ile ina paa la bati bila dari. Kufikia Septemba, jua la Morogoro linapoegemea upande ule tangu adhuhuri, humo ndani mtu hawezi kusimama. Petroli nayo hutanuka ikipata joto: lita 20 zikiongezewa nyuzi 10 tu huzidi kwa kiasi cha mililita 200, na mvuke wake husukuma dumu kutoka ndani. Ndiyo maana chombo cha petroli hakijazwi hadi mdomoni. Shemeji alikuwa amejaza hadi mdomoni, kwa uchungu wa kuacha hata kikombe kimoja cha kitu alichokisubiri usiku kucha. Madumu yakaanza kuvimba matumbo. Moja likafumuka taratibu kwenye mshono wa chini, likaanza kutoa jasho, na sakafu ya saruji ikalipokea bila sauti yoyote.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wasipopajua. Tunaogopa petroli ya majimaji, ile tunayoiona. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse chini ya bati la Kihonda. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini kama moshi. Unashuka, unalala sakafuni, unapita chini ya mlango, unafuata korido, unajikusanya kwenye kona. Sasa angalia maisha yetu yako wapi. Jiko la mkaa liko chini. Dawa ya mbu ya kuchoma iko chini, karibu na mkeka wanapolala watoto. Mota ya friji iko chini, na swichi zake hujiwasha zenyewe bila kuguswa. Hewa ikiwa na mvuke asilimia moja na nusu tu, cheche moja inatosha. Kufuli la shemeji liliwazuia watoto. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya mlango huohuo.

Ilikuwa Alhamisi jioni, na mama yake shemeji, ambaye sote tunamwita Bibi, hufukiza udi kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Makaa alikuwa ameyawasha uani. Aliyatia kwenye chetezo, akaja nayo mpaka mlango wa nyuma, akasimama. Nilikuwa naye uani nikichambua mchicha. Aligeuka bila kusema neno, akarudi hadi ukutani kabisa, akakiweka chetezo chini na kukifukia kwa mchanga. Ndipo akaita.

"Mama Watoto, toa watoto kwa mlango wa mbele. Mtu asiguse taa. Mtu asiguse swichi yoyote!"

Dada hakuuliza. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, mjini hapahapa, watu walikimbilia na madumu kama yale ya manjano, na lilipolipuka zaidi ya 100 wakafa. Bibi alikuwa amemzika kijana wa jirani yake kwenye makaburi ya Kola. Tangu siku ile pua yake ilikuwa macho kuhusu petroli kuliko ya mtu yeyote pale nyumbani, lakini harufu ilikuwa imeingia kidogokidogo siku hadi siku, hata yeye akaizoea, mpaka jioni ile ilipozidi.

Kijana mwingine wa jirani alikuja mbio na ndoo ya maji. Bibi alimzuia. Petroli huelea juu ya maji, na maji yangeitembeza hadi sebuleni na vyumbani. Tulifungua milango na madirisha yote, tukangoja hewa ipite, shemeji akaingia peku na kuyatoa madumu moja moja hadi chini ya mwembe, mbali na nyumba. Lililovuja lilikuwa limepoteza karibu nusu. Sakafu tuliimwagia mchanga mkavu, tukauzoa na kuutandaza nje mbali uvukize. Umeme haukuwashwa usiku ule, na chakula kilikuwa mkate kutoka dukani.

Asubuhi dada alisonga uji. Haukunyweka. Unga, sukari, hata maharage yaliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, vyote vilikuwa vimenywa harufu. Alivimwaga akilia, na ukipiga bei ya vyakula vile, faida yote ya kuweka petroli ilikuwa imeishia shimoni. Shemeji alikaa kibarazani hajibu kitu. Mama yake hakumgombeza mbele ya watoto. Alimwambia tu, "Baba, sheli wamefukia tenki ardhini, wameweka bomba la kutolea mvuke juu, wana mchanga na mitungi ya kuzimia moto. Wewe una kufuli."

Mimi nilikuwa nimewahi kuandika juu ya foleni zile, juu ya dola na bei. Sikuwa nimeandika juu ya hili: uhaba hauiondoi petroli mjini, unaihamisha. Inatoka kwenye matenki yaliyojengwa kwa ajili yake na kuingia mvunguni, stoo, nyuma ya mlango wa jiko, katika mamia ya nyumba ambazo hakuna mkaguzi atakayezifikia. Wanaopanga akiba ya mafuta ya nchi wanapaswa kuhesabu na madumu hayo.

Petroli iliyobaki iliingia kwenye bajaji ya shemeji na za wenzake wawili wa kijiweni. Wakakubaliana kupokezana foleni: mmoja analala sheli na bajaji, wawili wanafanya kazi, na kilichopatikana kinatoka kwenye pampu hadi kwenye tenki, basi. Tajiri alilalamika hesabu inachelewa. Shemeji alikwenda kumweleza ana kwa ana, akaongozana na Bibi, na Bibi ndiye aliyezungumza. Tajiri akakubali kupunguza hesabu mpaka mafuta yarudi.

Madumu yale ya manjano Bibi aliyatoboa matako kwa msumari wa moto, baada ya kuyaacha wazi juani kwa siku nyingi na kuyasuuza kwa maji ya sabuni, asije mtu akayatia tena mafuta ya aina yoyote.