Barua ya Wazi: Mshika Laini Mbili, Moja Humponyoka

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

KUH: KUZUNGUMZA KWENYE MTANDAO MMOJA HUKU BANDO LIKITUMIKA KWENYE MWINGINE

Simu ya laini mbili ni simu yenye nafasi ya kadi mbili, na kila kadi ina mtandao wake. Katika Kaunti ya Kwale, kutoka Ng'ombeni hadi Vanga, kazi zake zimegawanywa na zinajulikana. Laini ya kwanza ni ya kupiga na kupokea simu na ya M-Pesa, kwa kuwa nambari hiyo ndiyo iliyo kwa jamaa, kwa mwajiri na kwenye daftari la chama. Laini ya pili ni ya bando, ama kwa sababu bei yake ni nafuu, ama kwa sababu ndiyo pekee inayoshika ndani ya nyumba. Mwenye simu huamini kwamba amenunua mitandao miwili. Barua hii inaeleza alichonunua hasa, hatua kwa hatua, ili Mamlaka isije ikasema haikuarifiwa.

Chanzo cha laini ya pili ni bei. Kencell na Safaricom zilipoanza kuuza laini mwaka 2000, kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa anasa. Sababu moja kubwa ni ada ambayo kampuni hulipana pale simu inapovuka kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine. Mwaka 2008 kampuni za Orange na yu ziliingia sokoni, na mteja mwenye akili akawa na kadi nne kwenye pochi na simu moja, akizibadilisha kwa ukucha na kuziangusha mchangani. Simu ya laini mbili ilikuja kumwokoa ukucha. Mamlaka, wakati huo ikiitwa Tume, ilishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 mwaka 2010. Baadaye ikawa senti 99, kisha senti 58 kuanzia Agosti 2022, kisha senti 41 kuanzia Machi 2024. Kwa hesabu hiyo, sababu ya kwanza ya kubeba laini mbili imepungua kwa zaidi ya tisa ya kumi. Laini zenyewe hazikupungua. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kufikia 2024 takwimu za Mamlaka zilionyesha laini zaidi ya milioni 66. Watoto wachanga hawanunui bando, kwa hiyo kuna watu wazima wengi wanaofanya kazi ya watu wawili.

Sababu iliyobaki ni mnara. Mawimbi ya simu hayajui mipaka ya kata, lakini yanajua kilima, ukuta wa matumbawe, msitu na umbali. Mahali ambapo mnara wa kampuni moja uko karibu, mnara wa nyingine huenda uko ng'ambo ya Shimba Hills. Kwa hiyo mkazi hupanga maisha yake kwa ramani isiyochapishwa popote: mtandao huu unashika barazani, ule unashika chini ya mkorosho, na wa intaneti unashika dirishani simu ikisimamishwa wima. Kazi ya kuunganisha mitandao ya taifa, ambayo mahali pengine hufanywa na wahandisi, hapa imekabidhiwa mfuko wa suruali. Mamlaka inastahili pongezi kwa kuupata mtambo wa mamilioni bila kutoa zabuni.

Mtambo huo una kasoro moja tu. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja ya kutuma na kupokea. Redio hiyo ni mlinzi mmoja aliyepewa malango mawili. Simu ikiwa imetulia, mlinzi hutega sikio lango la kwanza kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha la pili, kisha anarudi. Kila mtandao huita simu kwa zamu inayojulikana, na zamu hizo hugongana mara chache, kwa hiyo laini zote mbili huonekana ziko macho. Pale mwenye simu anapoanza kuzungumza, mlinzi hukaa lango moja hadi mazungumzo yaishe. Lango la pili hubaki bila mtu. Bando lililo kwenye laini ya pili husimama, ujumbe wake husubiri, na anayepiga nambari hiyo huambiwa mteja hapatikani. Wahandisi wanauita mpangilio huu laini mbili za kusubiri. Wauzaji wa Ukunda wanauita laini mbili, na hapo huishia maelezo.

Matokeo yake huonekana vizuri katika diko la samaki, kama lile la Mkunguni, Msambweni. Mama karanga, yaani mchuuzi wa samaki, anasubiri ngalawa. Laini yake ya kwanza ina M-Pesa, ya pili ina bando la siku. Mpishi wa hoteli ya Diani anampigia kwa WhatsApp, kupitia bando, ili amwone changu kwa macho kabla ya kukubali bei. Samaki ameinuliwa, mpishi anaangalia mashavu yake kama bado mekundu, na hapo nahodha anapiga laini ya kwanza kusema amekaribia na ana pweza. Mama karanga anapokea. Picha ya changu inaganda mdomo wazi, mpishi anaona duara linazunguka, na baada ya muda anampigia mchuuzi mwingine. Upande wa pili haumwokoi pia. Akiwa anazungumza kwa laini ya bando kwa simu ya kawaida, mteja anamlipa kwa laini ya kwanza. Mteja ana ujumbe kwamba pesa zimeondoka. Mama karanga hana ujumbe kwamba zimefika, na hataupata hadi akate simu. Wote wawili wanasema kweli, na samaki bado yuko kwenye mizani.

Ni vyema kutofautisha tatizo hili na jingine linalofanana nalo, la laini moja. Katika kizazi cha pili, 2G, simu za kawaida zilisimamisha data kila mazungumzo yalipoanza, hata kama vyote viko kwenye kadi ileile. Kizazi cha tatu kiliruhusu sauti na data kwa pamoja. Kizazi cha nne, ambacho Safaricom ilikizindua Desemba 2014, kilibuniwa kwa ajili ya data peke yake. Simu ikipigwa, kifaa hulazimika kushuka hadi 3G au 2G ili kizungumze, na kikiangukia 2G, intaneti hukatika. Dawa yake ni kupitisha sauti yenyewe ndani ya 4G kama data nyingine, njia inayoitwa VoLTE. Njia hiyo inataka mtandao uikubali, simu iikubali, na iwashwe kwenye mipangilio. Mkazi aliyenunua simu ya mtumba yenye maandishi ya 4G mgongoni huwa na moja kati ya hayo matatu, na kwa kawaida hajui ni lipi.

Dawa za tatizo la laini mbili nazo zipo, na zinastahili kutajwa kwa haki. Ya kwanza ni simu yenye redio mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Hutengenezwa, hula betri zaidi, na huuzwa kwa bei inayotosha kununua mbuzi kadhaa. Ya pili ni simu inayohamisha data kwenda laini inayozungumza. Mazungumzo yakianza kwenye laini ya kwanza, intaneti nayo huhamia huko. Ujanja huu ni mzuri kwa mwenye bando pande zote mbili. Kwa asiye nalo, simu hunywa salio la laini ya kwanza kwa bei isiyo ya bando, na mwenyewe hugundua anapotaka kumpigia mtu. Ya tatu ni Wi-Fi, ambayo haihitaji redio ya mtandao wa simu. Inapatikana kwa uhakika katika hoteli za Diani, kwa watu waliolala humo.

Ya nne ndiyo iliyoshinda kwenye stendi za tuktuk za Ukunda: simu mbili. Kabambe ya batani, ile mulika mwizi, hubeba laini ya kwanza na kukaa mfuko wa shati. Simu ya kioo hubeba bando na kuning'inia kwenye usukani ikionyesha njia. Redio zimekuwa mbili, malango yana walinzi wawili, na dereva anazungumza na abiria mmoja huku ramani ikimpeleka kwa mwingine. Baada ya miongo miwili ya maendeleo, teknolojia bora ya kuzungumza na kutumia data kwa pamoja kwenye mitandao tofauti imekuwa ni kununua simu ya pili, pamoja na chaja yake.

Kusini zaidi, Lunga Lunga na Vanga, huingia mtandao wa tatu usioalikwa. Minara ya Tanzania iko karibu, mawimbi huvuka bila pasipoti, na simu ya mtu aliyeketi Kenya hupokea ujumbe wa kukaribishwa ugenini. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wa mtandao mmoja wa Afrika Mashariki ili kupunguza gharama za simu za mipakani. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Kwa hiyo mvuvi wa Vanga alifikiriwa kwanza kuhusu simu za Kigali, na shemeji yake wa upande wa Tanga akasubiri zamu.

Mamlaka haikukaa bure muda wote huu. Aprili 2011 ilimruhusu mteja kuhama kampuni bila kubadili nambari. Ruhusa hiyo huhamisha nambari na kuuacha mnara pale ulipokuwa. Mamlaka hupima ubora wa huduma ya kila kampuni na kuipa alama, kiwango cha kufaulu kikiwa asilimia 80. Vipimo hivyo huiangalia kila kampuni peke yake, wakati mteja anazitumia mbili kwa zamu. Mamlaka pia hukagua na kuidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa nchini, na iliwahi kutaka nambari za utambulisho wa simu, IMEI, zitolewe kuanzia Januari 2025 ili kodi ya simu ifuatiliwe. Hapa kuna jambo la kupendeza. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Ikibonyezwa *#06# zote hujitokeza. Kwenye rejista ni simu mbili. Kwenye redio ni moja. Serikali imeviona vifaa viwili mahali ambapo mnunuzi hajawahi kuvipata.

Suluhisho la msingi si geni kwa Mamlaka. Ripoti ya ushindani iliyoagizwa kwa washauri wa Analysys Mason, ambayo rasimu yake ilizagaa magazetini mwaka 2017, ilizungumzia kampuni kugawana minara, na mteja kuruhusiwa kushika mnara wa kampuni nyingine pale ambapo wake haufiki. Kiufundi hakuna muujiza ndani yake. Kanuni za mfumo wa simu wa GSM zimeruhusu tangu mwanzo simu ya dharura ya 112 kupita mnara wa kampuni yoyote. Mtalii anayeshuka uwanja wa Ukunda akiwa na laini ya Ujerumani hufanya hivyo likizo nzima: simu yake huchagua mtandao wowote wa Kenya wenye mkataba na kampuni yake, na mmoja ukififia hurukia mwingine. Ana kadi moja na minara ya kampuni kadhaa. Mwenyeji anayembebea begi ana kadi mbili, na akizungumza kwenye moja, nyingine hufa. Ukarimu wa pwani unajulikana, lakini haukukusudiwa kufika kwenye masafa.

Kutokana na maelezo haya, Mamlaka inaombwa mambo manne. Kwanza, boksi la kila simu ya laini mbili liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kama laini zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja au moja husubiri. Mamlaka tayari huidhinisha simu hizo, kwa hiyo gharama ni ya wino. Pili, orodha ya simu zinazokubali VoLTE kwenye kila mtandao wa Kenya itangazwe mahali pamoja, ili mnunuzi wa mtumba ajue analipia nini. Tatu, vipimo vya ubora vijumuishe simu inayobebwa na mwananchi, yenye kadi za kampuni mbili, moja ikizungumza na nyingine ikilipa. Nne, mteja wa Kenya apewe, kwenye maeneo yenye mawimbi hafifu, haki ileile ya kushika mnara wa jirani ambayo mgeni hupewa akiwa bado hajatoka kwenye ndege.

Ombi la nne likionekana zito, Mamlaka inaweza kuanza na wino.

Wenu watiifu,
Wenye Laini Mbili wa Pwani ya Kusini,
Kwale.

Nakala: Laini ya kwanza.
Laini ya pili, itakapopatikana.