Sita na Nusu

Miaka 14 napandisha wageni Kilimanjaro. Saa nane za usiku, juu ya Kibo, Mwingereza anatapikia viatu vyangu, nami namweleza kwa Kiingereza kwamba hafi, ni mwinuko tu, akishuka atapona. Anaelewa. Hajatokea hata mmoja akaniambia: ngoja kwanza, lete cheti.

Sasa nimeomba chuo huko huko kwao, wanataka cheti cha mtihani wa Kiingereza, IELTS. Nikawaandikia kwamba sekondari nilisoma kwa Kiingereza, kuanzia baiolojia hadi historia, na viboko nilichapwa kwa kuongea Kiswahili. Wakajibu kwa adabu zote: IELTS. Tena ukiipata, matokeo yanahesabika miaka 2 tu. Kumbe Kiingereza nacho kinachacha, kama mbege.

Nikaingia tuisheni, chumba cha mabati hapa mjini. Siku ya majaribio ya kusikiliza, mvua ya masika ikashuka. Maswali 40, na sauti inapigwa mara moja, hairudiwi. Nikasikia mama mmoja anatafuta nyumba ya kupanga, halafu mabati, halafu namba ya simu, halafu mabati. Namba nikaandika ya kwangu.

Kuongea ndiko kulikonimaliza. Unapewa kikadi, unajiandaa dakika moja, kisha unaongea peke yako mpaka dakika 2. Mimi nimelelewa Kibosho. Nikaanza na habari za nyumbani, watoto hawajambo, mvua za huko kwenu zikoje, migomba je? Kiingereza safi kabisa. Mwalimu akanionyesha saa: muda umekwisha, mada sijaigusa.

Akanifariji kwamba Cambridge walipoanza mtihani wao wa Kiingereza cha juu, mwaka 1913, waliufanya watu 3, wote wakafeli. Mwaka huo sisi Moshi tulikuwa chini ya Mjerumani. Huyo alituachia reli na neno "shule". Cheti cha Kijerumani hatudaiwi mpaka leo.

Jumapili nikapanda kwa mama, anayeuza ndizi Kiboriloni.

"Umepata ngapi?"

"Sita na nusu, mama. Ya majaribio."

"Kati ya ngapi?"

"Tisa."

"Na wenyewe wanataka ngapi?"

"Saba."

Akaweka kisu chini, akaniangalia kama mteja aliyelipa bei ya kwanza aliyotajiwa.

"Nusu tu, mwanangu? Si ungewaomba nyongeza!"