Namna ya Kuwa Mwenyeji Halisi wa Nungwi Bila ya Kuwasumbua Wazee

Uvuvi una mawimbi. Uunzi wa majahazi una maumivu ya mgongo na vidole vilivyobondwa. Kilimo cha mwani kina chumvi na jua la utosini. Nungwi imebaki kazi moja tu yenye kivuli, nayo ni kuwa mwenyeji. Haitaki mtaji wala cheti, na bidhaa yenyewe ni wewe. Mgeni amekaa ndani ya ndege usiku kucha, amelipa hoteli kwa dola, na sasa anazunguka ufukweni akitafuta mtu wa kumwambia yuko wapi. Mwambie wewe, kabla hajamwahi jirani yako. Utaratibu ni huu.

1. Chagua babu

Fanya hivyo mapema, kabla ya chai. Babu wa Shiraz anampendeza mgeni anayependa wafalme. Babu wa Oman anafaa kwa anayependa majumba. Babu wa Tumbatu ni wa yule anayependa uganga, naye ndiye mwenye bei nzuri zaidi baada ya magharibi. Hadithi ya Washirazi ina sultani, wanawe na majahazi saba. Kama umekosa nafasi hata katika moja, ni uvivu wako.

Usione haya. Pwani hii ina uzoefu wa kuchagua mababu. Sensa ya mwaka 1924 iliwahesabu Waswahili kwa maelfu hapa Zanzibar. Ilipofika ya 1931 wengi wao hawaonekani tena kwenye daftari. Hawakufa, walijiandikisha upya: huyu Mshirazi, yule Mhadimu, mwingine Mtumbatu. Hata chama kilichozaliwa mwaka 1957, Afro-Shirazi, kilibeba mababu wawili ndani ya jina moja. Wewe unataka mmoja tu, tena wa kukodi.

Kitu kimoja usikisahau: babu uliyemtaja asubuhi. Mgeni atarudi jioni na mkewe, na mkewe anaandika.

2. Vaa utamaduni

Kanzu na kofia ya kiua zinatosha, ila usizivae Ijumaa. Siku hiyo wenye kanzu zao hujaa njiani wakienda kusali, na hutatambulikana.

Ushindani ukizidi, geuka Mmasai. Tafuta shuka jekundu, fimbo na ndala za tairi. Wamasai wa kweli wapo Nungwi; wametoka bara, wanalinda hoteli na kuuza shanga. Mmoja wao akikusalimia kwa Kimaasai, weka simu sikioni haraka na anza kugombana na mtu asiyekuwepo. Na tafadhali, hakikisha bukta ya Simba haichungulii chini ya shuka. Jadi haina mdhamini.

3. Sema maneno ya mababu

Sema "hakuna matata" kila baada ya hatua chache. Bibi yako hajawahi kuyatamka maishani mwake, lakini bibi hayumo katika biashara hii. Urithi huu wa kale tuliupata mwaka 1982, pale bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilipotoa wimbo wake, na Wamarekani wakaupa baraka zao mwaka 1994 kwa filamu ya simba wa katuni. Kwa mila ya ufukweni, huo ni umri mkubwa sana.

Kitumbatu chako kiache nyumbani. Mgeni hatakielewa, na wanaokielewa watajua kuwa hukijui vizuri.

4. Onyesha kazi, usiifanye

Mpeleke mgeni kwenye uunzi. Atamkuta fundi amechuchumaa, keekee mkononi, akitoboa ubao ili msumari usije ukaupasua. Pembeni yake kijana anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaichomeka kwenye mwanya baina ya mbao mbili, anaigonga taratibu mpaka imezwe. Hiyo ndiyo kalafati, na bila yake jahazi ni kapu. Mgeni atatafuta ramani ya chombo, asiione, kisha atakuuliza: fundi anajuaje taruma ipinde kiasi gani?

Jibu la kweli lipo, lakini ni ghali. Linataka ukae na fundi miaka, mingi ya mwanzo ukiwa mshika ubao na mtumwaji wa misumari, mpaka jicho lako lijifunze kupima. Jibu lako wewe ni la bure: "Siri ya mababu." Shusha sauti unapolisema, kisha tazama bahari.

Siku ya kushua chombo ni siku ya mavuno. Kijiji kizima kinakuja, ubani unafukizwa, nyimbo zinapokezanwa, na watu wanavuta kwa pamoja hadi maji yalipokee jahazi. Jipenyeze katikati, shika kamba, usivute. Kwenye picha havitofautiani.

Kisha mchukue hadi Mnarani, ambako tangu mwaka 1993 wanakijiji wanatunza kasa waliookolewa nyavuni. Mwambie wazee wetu waliwapenda kasa tangu zama. Usiingie katika maelezo ya walivyowapenda kwa nazi na pilipili.

5. Mjini, ongeza tembo

Ukibahatika kumfikisha mgeni Mji Mkongwe, msimamishe mbele ya mlango wa nakshi wenye vichwa vya shaba, umwambie viliwekwa kuzuia tembo. Unguja haina tembo, na mitindo hiyo ilivuka bahari kutoka Bara Hindi, lakini hakuna mgeni aliyewahi kudai fedha zake kwa sababu tembo hakutokea.

Kuhusu mwimbaji Freddie Mercury, uko huru. Ni kweli alizaliwa mjini hapa mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na makumbusho yake yapo Shangani. Lakini makumbusho yana kiingilio. Chagua nyumba yoyote yenye roshani, nyoosha kidole, nyamaza kidogo. Wala usiogope ukimwona mwenzako mtaa wa pili akinyoosha kidole kwa nyumba nyingine, watoto huhamahama.

Akitaka cha kubeba, muuzie picha ya Tingatinga na umwite twiga yule "sanaa ya asili ya kisiwani". Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka upande wa Tunduru na akachorea Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 1960. Twiga naye si wa Unguja. Basi wamefuatana, waache.

6. Usishikwe na tarehe

Tarehe ni adui ya simulizi. Jifunze kwa mwimbaji Bi Kidude: alifariki mwaka 2013, na mpaka leo hakuna anayeweza kuapa alizaliwa lini. Tofauti ni kwamba yeye, baada ya kukukatalia umri, alikuwa akishika ngoma na kuimba, na ukumbi ukasahau swali. Wewe huna ngoma. Sema "zamani sana" uendelee kutembea.

7. Kaa mbali na mifano mibaya

Kuna watu wameiharibu kazi hii kwa kuifanya kweli. Mbaya wao ni Haji Gora Haji. Alizaliwa kisiwa cha Tumbatu mwaka 1933, kisiwa kile kile ulikomkodi babu. Angeweza kukaa kwenye mchanga akauza uganga. Badala yake akafanya kazi za bahari na bandari, akasikiliza watu wanavyosema, akatunga mashairi hadi yakatoka kitabu, Kimbunga, mwaka 1994. Hakutosheka. Mwaka 2006 akatoa Kamusi ya Kitumbatu, neno moja baada ya jingine, yale yale unayoyakimbia wewe.

Hebu fikiria madhara yake. Sasa mtu yeyote anaweza kufungua kitabu na kukukamata. Na ucheshi wake ulikuwa wa hatari zaidi: aliwachekesha Watumbatu wenyewe, watu wanaoujua utani unapoanzia. Mgeni hucheka ukimwonyesha meno tu. Kumchekesha mtu wa nyumbani kunataka ujue mama yake aliapa vipi akikasirika, na nani alikimbia deni mwaka gani. Ukiona kijana amekaa na wazee barazani akiwauliza maneno, mwite ufukweni haraka. Ameanza kupotea.

8. Jiandae kwa bibi

Siku moja, katikati ya sultani wako na jahazi la saba, atapita bi kizee anatoka kuchokoa pweza, ndoo mkononi, kanga imeloa hadi magotini. Atasimama na kusikiliza. Wahi wewe:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo babu yako wa Shiraz, ndiye yule aliyekuwa akiuza dagaa Mkokotoni?"

Usitetereke. Mgeni atakuuliza bibi amesemaje. Mwambie: "Anatuombea dua."

Bibi ataondoka akicheka peke yake, na kicheko hicho ndicho kitu pekee cha asili mgeni atakachokipata siku hiyo. Usimtoze kwa hicho, hana anachokielewa.

9. Rithisha

Mwanao akirudi kutoka skuli na kazi ya kuandika historia ya kijiji, usimtume kwa bibi. Bibi ataanza na paukwa, mtoto atajibu pakawa, na hamtalala. Msimulie wewe: sultani, kasa waliopendwa, tembo waliozuiwa mlangoni. Ataandika kwa mwandiko mzuri na mwalimu atampa alama zote, kwa sababu na mwalimu, kengele ya mwisho ikilia, huvaa kanzu na kuteremka ufukweni.