Hongo ya Kichwa cha Ukurasa

Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilililia sana hongo ya Ugogo. Kila mtemi alitaka nguo na shanga kabla wapagazi hawajapita kwake. Mvumbuzi Burton alinung'unika mwaka 1857, mwenzake Stanley naye mwaka 1871, na bado wote walifika, maana mtemi yule, pamoja na tamaa yote anayosingiziwa, alikuwa na fadhila moja: mpaka. Msafara ukishatoka Ugogo na kuingia pori la Mgunda Mkali, hakutoka mbio nyuma yake hadi Unyanyembe, huko Tabora, kudai doti nyingine ya nguo. Fadhila hiyo ndiyo wanayoikosa watengenezaji wa tovuti. Ule mkanda wa nembo na menyu unang'ang'ania juu ya kioo hata msomaji apanguse mpaka vidole viote sugu.

Chukua abiria wa Tabora anayesaka ratiba ya treni ya Kigoma kwenye simu. Jedwali lina maandishi ya sisimizi, analaza simu ubavu apate upana. Upana anaupata, lakini kimo kinabaki pikseli 360 hivi. Mkanda wenye nembo, kaulimbiu na neno "Karibu" ukimeza 120, theluthi imekwenda. Tangazo la vidakuzi nalo linajipimia lake chini. Kinachosalia ni siku bila saa, au saa bila siku. Akigusa kiungo cha sehemu anayoitaka, ukurasa unaruka vizuri tu, kisha sehemu yenyewe inajificha chini ya mkanda, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiachia nafasi juu kwa amri ya scroll-margin-top. (Na hayo yote kwa bando lake mwenyewe.)

CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, haina lawama hapa. Amri ya fixed hugandisha mkanda kwenye kioo bila kujali ukurasa umefika wapi. Sticky ina adabu za Ugogo: mkanda hunata ukifika kimo kilichotajwa kwa top, tena ndani ya kisanduku kinachoubeba tu, kisanduku kikiisha, huondoka nacho. Chrome inaielewa tangu toleo la 56, mwaka 2017, kwa hiyo kisingizio cha ugeni kimezeeka. Kazi yote ni kuchagua kisanduku. Ukiuweka mkanda moja kwa moja ndani ya body, yaani kisanduku cha ukurasa mzima, umempa mtemi nchi yote hadi Ujiji. Ukiufunga kwenye kisanduku chenye kimo sawa na chake, umempa ufalme wa upana wa kigoda, na hautanata hata kidogo. Hapo ndipo fundi hulaumu kivinjari.

Watasema msomaji atapotea bila menyu. Kwenye jedwali refu hoja hiyo ina uzito: vichwa vya safu na vinate, mpaka jedwali liishe. Kwenye makala haina. Anayesoma aya ya tano hatafuti "Kuhusu Sisi", na akiitaka atapandisha ukurasa, mkanda ujitokeze hapo. Wenye tovuti hutetea nembo pia, kana kwamba mtu aliyeandika jina lao kwa kidole chake ameshalisahau. Basi, enyi mafundi, upeni mkanda kisanduku chenye mwisho, na simu ikilazwa ubavu, uacheni usinate kabisa.