Ngeli za Mwajiri kwenye LinkedIn

Carl Linnaeus alipochapisha uainishaji wake wa viumbe mwaka 1735, LinkedIn haikuwapo; ilifunguliwa 2003. Ndiyo maana kiumbe mmoja alimponyoka: mwajiri, kwa sura anayopewa na mwajiriwa wake mtandaoni. Makala hii inaziba pengo hilo. Kipimo ni kimoja tu, umbali kati ya jina lililo kwenye hati ya mshahara na jina lililo kwenye wasifu.

Ngeli ya kwanza, ya Nembo, ina umbali sifuri. Mtu kaandika NMB au Safaricom, basi. Haina utamu kwa mtafiti.

Ya pili ni ngeli ya Wakala. Huyu anakaa dirishani benki, kavaa shati na tai ya benki, lakini mkataba na mshahara vinatoka kwa kampuni ya wakala. Akianza kuandika jina la mwajiri, LinkedIn humshushia orodha achague, na nembo hujibandika yenyewe bila kudai barua ya ajira. Wakala asiye na ukurasa angempatia kijijengo cha kijivu. Hatujapata kielelezo kilichochagua kijivu. Wala hatuwalaumu: mteja aliyemezewa kadi na mashine hamfokei wakala.

Ngeli ya Paa ndiyo fahari ya utafiti huu. Chukua mwalimu wa shule ya msingi Kilwa. Mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya. Juu ya halmashauri ipo TAMISEMI. Nayo TAMISEMI, mwishoni mwa 2015, ilitolewa Ofisi ya Waziri Mkuu ikapelekwa Ofisi ya Rais. Maelfu ya walimu na wauguzi walipanda ngazi usiku mmoja bila nyongeza ya hata shilingi. Kwenye wasifu wake mwalimu akaandika "Ofisi ya Rais" na kuweka nukta pale ambapo ungetarajia kistari na TAMISEMI. Wapo wanaosema huo ni uongo. Hoja yao ni dhaifu, kwani barua za halmashauri yenyewe zilikuwa na Ofisi ya Rais juu kabisa, kwa herufi kubwa, na wilaya ikifuata chini yake. Mwalimu alichofanya ni kuacha kusoma mapema.

Ya nne ni ya Zamani: alifanya field miezi mitatu kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, na bado anajitambulisha nayo hadi leo, ana wajukuu.

Ya tano ni ya Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Ukurasa wa kampuni unamruhusu kutaja idadi ya wafanyakazi, na chaguo la "0–1" lipo wazi kabisa. Huchaguliwa "2–10". Ili hesabu itimie, mtafiti amelazimika kumwajiri mama yake mkurugenzi, anayepokea simu ikiwa inachajiwa sebuleni.

Inabaki ngeli moja, ambayo vielelezo vyake ni haba. Ameandika "mtumishi wa umma". Hakuna wizara, hakuna idara, hakuna mkoa, na picha ni ya machweo. Tulimwandikia kwa adabu kuuliza ofisi gani, akajibu "serikalini". Hati ya mshahara hatukuiomba. Kesho yake LinkedIn ilitujulisha kwamba wasifu wetu umetembelewa na mwanachama asiyetaka kutajwa jina, mara nne.