Sanamu Iliyopanda Matatu

Ngamiani, jijini Tanga, barua za Nairobi siku hizi hufika kwa sauti, kwenye simu ya shangazi. Anayezituma ni mama wa Kitanga anayeishi Dagoretti Corner, pale Naivasha Road inapoachana na Ngong Road. Baridi ya Julai ameshaizoea. Kinachomtoa jasho ni shule ya msingi ya mwanawe.

Kenya ilianza kutekeleza mtaala wa umilisi mwaka 2019 katika gredi za chini, ili uchukue nafasi ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985. Mtoto hakaririshwi tena kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Sasa anatakiwa atende, mzazi amsaidie. Hapo kwenye kusaidia ndipo penye shughuli. Usiku, sufuria ikiwa jikoni, ujumbe unaingia kwenye kundi la wazazi: kesho kila mtoto aje na picha za rangi za wanyama wa porini. Mbio hadi saiba kuzichapisha. Foleni yote ni watu wazima, koti juu na nguo za kulalia chini, wakigombea twiga.

Somo la hali ya hewa nalo lilikuwa na vituko vyake. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Anga ya Kenya yako papo hapo Dagoretti Corner, yana wataalamu na vipima mvua vya kweli. Mtoto, aliyetakiwa kutengeneza cha kwake, akakata chupa ya soda kwa kisu cha jikoni, akaipindua shingo iwe faneli, akabandika rula ubavuni. Mvua ikagoma. Kwa kuwa daftari halikubali kwenda shule tupu, akaijazia chupa maji ya bomba, na asubuhi uani kwao palikuwa pamenyesha milimita 40 huku jirani akianika nguo. Mwaka 2024 asingehitaji bomba: mafuriko yalichelewesha muhula wa pili nchi nzima hadi Mei 13.

Halafu ikaja sanamu ya kutishia ndege. Somo la kilimo linamtaka mtoto ajue kukinga mimea dhidi ya ndege na wanyama waharibifu, na picha za wazazi wa Kenya wakibeba sanamu za shambani zimewahi kuzagaa mitandaoni. Dagoretti Corner shamba utalitafuta. Wa kumwaga ni mafundi wa fanicha kando ya Ngong Road. Mmoja wao, fundi wa vitanda, aliwagongomea mbao mbili mkingamo, akauliza kama wangependa na vanishi. Suruali ilitoka kabatini, mwenyewe akiwa kazini. Macho yalikuwa vifuniko vya soda, kimoja chekundu, kimoja cha kijani.

Matatu ikasimama. Konda akawatazama.

“Mathe, huyu wa tatu analipa ama unampakata?”

“Huyu mwanafunzi, baba,” mama akajibu, akatoa nusu nauli kwa mazoea ya daladala za kwao, ambako mwanafunzi ana nauli yake. Konda akacheka mpaka akasahau kugonga bodi ya gari.

Shuleni hakuna tena kupata themanini kwa mia. Kuna ngazi nne, kutoka kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, na sanamu ikaambulia kukaribia matarajio. Baba watoto, aliyeitambua suruali yake kwenye picha ya kundi la wazazi, alikasirishwa na yote mawili.

Mama huyu ni mlalamishi, lakini haonei. Tangu 2023, anasema, kwa mpango wa Dishi na County watoto wa shule za msingi za umma Nairobi wanapata chakula cha mchana kwa shilingi 5, wakigusisha tu bangili ya mkononi kwenye kifaa. Kwa hilo aliipa serikali ya kaunti kuzidisha matarajio, bila kuombwa.

Jibu la Ngamiani lilikuwa fupi. Shangazi hakuuliza habari za mtaala wala suruali. Kunguru wamemmalizia vifaranga, na kama mwalimu ameshamaliza kusahihisha, basi sanamu ipakiwe kwenye basi la Tanga. Nauli kamili atalipa yeye.