Soksi Zilizokula Sufuria Yetu

Limuru mwezi wa Julai, ukungu huingia sebuleni bila kubisha hodi. Mwenye akili zake hushuka sokoni, akachagua soksi za mtumba, akatoa shilingi hamsini, yakaisha. Nyumbani kwangu hayo ni matusi. Mke wangu, Mama Njoki, ameamua nivae soksi za kufumwa kwa mkono, na uzi utiwe rangi papa hapa jikoni.

Uzi wenyewe ni wa sufu, umetoka Nanyuki, ambako akina mama wanasokota kwa mikono yao tangu miaka ya 1970. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni sufuria. Ili rangi ya maganda ya vitunguu ikamate sufu vizuri zaidi, uzi upikwe kwanza na shabu, kisha uwekwe kwenye maji ya maganda, moto mdogo, bila kukorogwa, la sivyo nyuzi zinashikana na unaopoa kipande cha blanketi. Na sufuria ya kutia rangi hairudi tena kupika chakula. Aliyoichukua Mama Njoki ni ile kubwa, ya githeri. Siku hizi githeri yetu huiva kwa zamu.

Uzi ukikauka, naitwa. "Baba Njoki, nyoosha mikono." Shada linavishwa viganjani mwangu, naye anaviringa donge polepole, taarifa ya habari inaanza mpaka inakwisha. Pua ikiniwasha, shauri yangu.

Halafu inakuja ile duara ya plastiki ya kufumia, yenye vijiti 64 ukingoni. Uzi unazungushwa kwenye kila kijiti, kisha kwa kindoana kitanzi cha chini kinanyanyuliwa na kurushwa juu ya mwenzake. Kimoja kimoja. Soksi ya mtu mzima hula mizunguko zaidi ya mia, yaani vitanzi kupita 6,400, na hapo ni mguu mmoja; Mungu alinijalia miwili. Ikifika zamu ya kisigino, mzunguko unakatizwa: anafuma nusu ya vijiti tu, kwenda na kurudi, akipunguza kisha akiongeza, huku akihesabu kwa sauti. Hapo usithubutu kuuliza chai iko wapi.

Baada ya yote hayo, mguu wa kulia una rangi ya chungwa na wa kushoto rangi ya haradali. Mashada mawili ya sufuria moja, lakini kila moja limekunywa rangi lilivyopenda. Naambiwa huo ndio uzuri wa kazi ya mkono. Ningevaa mitumba isiyofanana, ningeambiwa sina mke.

Kufua nako ni sheria tupu: maji baridi, usisugue, usikamue, usianike kwenye kamba, zilazwe juu ya taulo. Kwa manyunyu ya Limuru, soksi zinapumzika kuliko mimi.

Juzi jirani akazipenda. Akampa Mama Njoki shilingi mia moja amfumie pea kama hiyo, tena akasubiri chenji. Nilisimama mimi mwenyewe, mlalamikaji mkuu wa nyumba hii, nikamrudishia noti yake. Joto la sufu nimelionja, hata soksi zikinyeshewa miguu haigandi. Basi ndugu msomaji, ukikuta soksi za kufumwa kwa mkono, usibishane bei. Humo mna siku za mtu, mikono ya mumewe na sufuria ya githeri.